Naomba ushauri: udi wa marehemu babu upigwe au uhifadhiwe?

Habari zenu wadau. Babu yangu alipiga udi (ile ala ya nyuzi) kwenye taarab Unguja miaka mingi. Alipofariki udi wake ukabaki kwangu, kwenye mfuko wa kitambaa juu ya kabati. Sasa mjomba anataka tuutie kwenye kabati la kioo, usiguswe. Binti yangu, anayejifunza udi, anauomba aupige. Kila mmoja ameninunia.

Nimeufungua juzi. Ubao wa mbele una ufa mwembamba kama unywele kutoka kwenye daraja (kile kipande kinachoshikilia nyuzi ubaoni), na daraja lenyewe limeanza kunyanyuka. Nyuzi zote 11 zikikazwa, zinalivuta hapo hapo. Na pale babu alipokuwa akipigisha risha (kile kidude cha kukwanyulia nyuzi), rangi imelika ikabaki alama ya mkono wake. Hiyo sitaki fundi yeyote aipige msasa!

Najua Genoa, Italia, wana fidla ya Paganini, mpiga fidla mashuhuri wa zamani, iliyotengenezwa mwaka 1743, na bado hupigwa mara chache kwa uangalizi mkali. Lakini wao wana mafundi, mimi nina joto na unyevu wa pwani.

Nimefikiria kulegeza nyuzi sasa hivi, kisha binti apige kwa siku maalumu tu. Fundi mmoja wa fanicha kaniambia atapachika kwa gundi ya dukani, moyo ukakataa, maana ile haibanduki tena.

Aliyewahi kutengenezewa udi wa zamani, fundi alitumia gundi gani? Na nyuzi laini zaidi zitapunguza mvuto, au najidanganya?