Daktari wa jeshi anataka ubingwa wa maumivu: aanzie ganzi au utengamao?

Mkoani Juu: Assalamu alaykum. Mdogo wangu ni daktari, yuko jeshini, intanshipu kamaliza. Anataka kubobea kwenye tiba ya maumivu kwa sindano: mgongo, na visiki vya waliokatwa miguu. Asomee ganzi au utengamao (tiba ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa viungo)? Na akija Pemba, wanaoanguka mikarafuu atawafaa vipi?

Dk. Usingizi (Unguja): Waalaykum salaam. Kwa Tanzania njia iliyo wazi ni ganzi. Uzamili wake Muhimbili ni miaka 3. Marekani hata wa utengamao huingia: miaka 4 pamoja na intanshipu, kisha 1 wa maumivu. Fani hii ina asili jeshini. John Bonica, mkuu wa ganzi hospitali ya jeshi ya Madigan wakati wa Vita vya Pili, ndiye aliyeshikilia kwamba mgonjwa wa maumivu sugu aonwe na madaktari wa fani mbalimbali kwa pamoja.

Lakini aelewe kwamba kuchagua mgonjwa ni kugumu kuliko kuchoma. Chukua viungo vidogo vya nyuma ya pingili za uti wa mgongo. Kabla ya kuunguza neva zake ili zisipeleke maumivu, zijaribu kwa dawa ya ganzi, nusu mililita kila neva. Ukizidisha, dawa inasambaa kwa jirani na jibu linapotosha. Rudia siku nyingine. Maumivu yakishuka sana mara zote mbili, ndipo uunguze kwa nyuzi 80, sekunde 90. Sindano ilale sambamba na neva, kwa sababu joto hutoka ubavuni zaidi kuliko nchani. Ikisimama wima neva inaguswa kidogo tu, maumivu yanarudi mapema. Na kabla ya kuwasha joto, pitisha umeme wa kujaribu misuli: mguu ukishtuka, rudi nyuma, uko karibu mno na neva ya mguu.

Fizio Wete: Nakazia: sindano ya steroidi (dawa ya kushusha uvimbe) hutuliza kwa wiki au miezi, na muda huo ndio wa mazoezi. Asipofanyishwa mazoezi hapo, sindano imepotea bure. Mwenye kisukari apime sukari kila siku, maana hupanda siku za mwanzo.

Aliyeanguka mkarafuu, miguu imelegea au mkojo umeziba, huyo si wa sindano hata kidogo! Alazwe juu ya ubao, ageuzwe na watu wanne kwa pamoja, asikalishwe kwenye bodaboda, afike kwa mpasuaji haraka. Wodini ageuzwe kila saa 2, vidonda vya mgongoni visianze.

Mkoani Juu: Ahsanteni sana. Na visiki?

Fizio Wete: Bandeji izungushwe kwa umbo la nane, ikaze nchani na ilegee kadiri inavyopanda. Ikikazwa juu, kisiki kinavimba na mguu wa bandia hauingii. Maumivu ya mguu usiokuwepo, mjaribishie kioo: aangalie mguu mzima ukicheza. Akiruka kwa kuguswa sehemu moja tu, hapo pana fundo la neva; hilo ndilo la kuchomwa sindano.