Mjadala: Molo na soda yake, tuisome au tuiache?

Mama Kahawa (Moshi)
Hamjambo wote. Kikundi chetu cha kusoma kimegawanyika. Mmoja kaleta hadithi ya Hemingway ya 1936, ile ya theluji za Kilimanjaro, anasema ni aibu watu wa Moshi kutoijua. Nimeisoma usiku. Mzungu yuko porini, mguu umeoza, anazozana na mwanamke wake, na akishikwa na kiu anaita "Molo!" Molo anaitika "ndiyo Bwana", anatumwa wiski na soda. Basi. Hana kwao, hana mke, hana neno juu ya mguu unaonuka. Sasa mwanzoni kuna mzoga wa chui ulioganda karibu na kilele, na mwandishi anasema hakuna aliyewahi kueleza chui yule alifuata nini kule juu. Yaani chui kaulizwa, Molo hajaulizwa. Tuisome na vijana wa sekondari, au tuiache?

Chalii wa Kijenge
Aliandika alichokiona. 1936 mzungu alikuwa bwana na mweusi alikuwa boi, ulitaka amfanye Molo mkuu wa wilaya? Na nyie wa Moshi, kikitajwa kitu chenye jina la mlima mnadhani mmeandikiwa barua.

Binti Uru
Alichokiona? Molo ni mji, uko Kenya upande wa Nakuru. Ni sawa mzungu aje leo aandike safari ya Dar, konda amwite Mombo. "Mombo, lete soda."

Chalii wa Kijenge
Nina binamu anaitwa Tabora na mtoto wake tunamwita Kigoma. Hoja nyingine?

Mwalimu Mstaafu
Shikamoo siku hizi hazitolewi, sawa. Someni Achebe. Mwaka 1975, kwenye mhadhara kule Marekani, alimchambua Conrad na riwaya yake ya Heart of Darkness, akasema Afrika mle imefanywa pazia la nyuma, watu wake wamefutwa. Ugonjwa ni ule ule. Hata yule Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni Kilimanjaro 1898, sifa ni zake na mwenzake Purtscheller, waliobeba mizigo wakawa "wenyeji".

Binti Uru
1889, mwalimu.

Mwalimu Mstaafu
Nimefundisha miaka 34, binti, kidole kimeteleza. Ukishika kosa la tarakimu unajiona umeshinda kesi.

Chalii wa Kijenge
😂 Mimi najivunia. Filamu ya Hatari! ya 1962, ya John Wayne, ilipigwa huku kwetu Arusha, Momella. Babu alikuwemo, alishika kamba ya kukamatia wanyama. Alilipwa, akanunua baiskeli. Hakuja mtu nyumbani kumwambia amedhalilishwa.

Binti Uru
Jina la babu linaonekana wapi mle ndani?

Chalii wa Kijenge
Usimguse babu yangu.

Binti Uru
Sijamgusa, nauliza jina.

Chalii wa Kijenge
Wewe unayelilia Molo, si ndiye uliyeandika humu juzi, "natafuta beki tatu, awe mchapakazi, asiwe mjuaji"? ASIWE MJUAJI. Hemingway angekuajiri umsimamie kambi.

Binti Uru
Ile ilikuwa ya mama, simu ni yangu.

Mama Kahawa
Jamani, hadithi.

Mzee wa Majengo
Hapana, hapo pana jambo. Kwangu jirani ana kijana wa shamba, ana mvi na wajukuu wawili. Watoto wa darasa la nne wanamwita "boi". Boi, funga geti. Mkoloni ameondoka 1961, kilele tukakiita Uhuru, neno lake tukaliacha getini.

Binti Uru
Kwetu tunasema "dada". Na anakula mezani.

Chalii wa Kijenge
Dada yupi asiyejua siku ya likizo? Mwambie aandike hapa tumsikie.

Mwalimu Mstaafu
"Boi" liko kwenye kamusi, wala si tusi. Tatizo ni sauti ya anayeita.

Mzee wa Majengo
Mwalimu, wewe ulishaitwa?

Mgumu wa Machame
Nasoma toka jana. Mimi ni mpagazi, njia ya Machame, mzigo kilo 20 kichwani. Mwaka jana kambi ya Shira mgeni mmoja alikuwa na hicho kitabu. Jioni nampelekea maji ya kunawa, kabeseni na sabuni, akacheka akasema mimi ni Molo wake. Sikuelewa, nikacheka pia, bakshishi ilikuwa bado. Mpishi wetu ndiye aliyenieleza baadaye. Mama Kahawa, kisomeni. Mngekuwa mmenisomea mapema ningejua cha kumjibu.

Chalii wa Kijenge
Pole mgumu. Ungemjibu nini?

Mgumu wa Machame
Ningemwambia jina langu. Halafu na sisi jikoni tuna majina yao. Yule tulimwita Mguu wa Tembo tangu geti la Machame, viatu vilimbana siku ya kwanza akavimba.

Binti Uru
Andika mengine!

Mgumu wa Machame
Nikishuka. Kesho saa kumi na mbili nipo getini, kuna kundi la watu tisa.

Mama Kahawa
Kwa hiyo Jumamosi tunasoma au hatusomi?

Chalii wa Kijenge
Kwanza aombwe radhi babu.