Chuo kinapanuka, picha na vinyago vya wanafunzi tuviweke wapi?

MtunzaStoo_Bwy
Wakuu, habari za jioni. Natunza stoo ya chuo kimoja hapa Bagamoyo. Tulianza na madarasa manne, sasa hosteli ya ghorofa imefika kwenye minazi na stoo ya zamani inavunjwa. Ndani nimehesabu picha 64 na vinyago 19, kazi za wanafunzi wa miaka na miaka. Leja ina majina ya nusu tu.

Iliyoniuma ni picha ya wavuvi wakishusha dagaa. Nimeigeuza, mgongo wote ukungu, na mchwa wamejenga njia ya udongo kutoka sakafuni mpaka kwenye fremu. Mkubwa mmoja anataka vyote vipigwe mnada. Mhasibu anasema havimo kwenye daftari la mali, kwa hiyo si mali. (Mchwa hawajapata taarifa hiyo.) Navitunzaje kwa hela ya mfukoni?

Fundi_Mpingo
Mkuu, vinyago usije ukavianika juani! Mpingo ukikauka ghafla unapasuka, na ufa hauzibiki ukapendeza. Brashi laini, halafu nta ya nyuki kidogo kwa kitambaa. Vya mti mweupe angalia vitundu na unga chini yake. Hao ni dumuzi, wadudu wanaotoboa mti. Kinyago chenye hao kiweke mbali na vingine leo hii.

Picha zisiguse sakafu wala ukuta. Kuta zetu za pwani zinavuta maji na chumvi. Panga juu ya mbao, acha upenyo hewa ipite. Ukungu usiufute kwa maji: toa nje kivulini, brashi kavu, funga kitambaa puani.

Mlimani_Zamani
Kabla ya kuhamisha chochote, piga picha kwa simu, mbele na nyuma. Mgongoni ndiko kuna majina.

Mkumbusheni huyo wa mnada habari za mchoraji Sam Ntiro. Alikuwa mwanafunzi tu wa Makerere, kwenye shule ya sanaa aliyoianzisha Margaret Trowell miaka ya 1930. Baadaye akawa balozi wetu Uingereza, na picha zake zinatafutwa. Nani anajua nani yumo humo stoo?

Jingine: kwa Sheria ya Hakimiliki ya 1999, kuuza picha si kuuza hakimiliki. Haki hiyo hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kufa. Chuo kikitaka kuzichapa kwenye kalenda, kimtafute mwenyewe.

MtunzaStoo_Bwy
Shukrani wakuu. Leo nimepata mbao chakavu kwa mkandarasi, picha 40 zimeshapanda juu. Mnada umesimama kwanza, nimeambiwa nilete orodha.

Ya wavuvi nimeipiga brashi. Chini ya ukungu kuna maandishi ya penseli, jina halisomeki, lakini hili linasomeka: "Rangi ya buluu nimekopa kwa Mpemba, sh. 1,500." Duka lenyewe sasa ni bucha.