Watoto wengi zaidi wanaishi: kwa nini tuseme dunia inarudi nyuma?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tuijadili kauli ninayoisikia kila kona, kwamba dunia inazidi kuharibika na haya maendeleo tunayohubiriwa ni ya kwenye makaratasi. Mimi napinga, na kipimo changu ni kimoja: mtoto anayezaliwa leo ana nafasi gani ya kufikisha miaka mitano?

Mwaka 1990 walikufa watoto zaidi ya milioni 12 duniani kabla ya kufika umri huo. Mwaka 2022 walikuwa milioni 4.9. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2004/05 ulikuta vifo 112 katika kila vizazi hai 1,000. Ule wa 2022 ulikuta 43. Nyuma ya tarakimu hizo kuna chanjo ya surua, vyandarua vyenye dawa, dawa mseto ya malaria na pakiti za ORS kwa mtoto anayeharisha. Bibi zetu walikuwa wakiulizwa watoto, wanajibu "nilizaa kumi, wamebaki sita", na hakuna aliyeshtuka. Ndui nayo imetoweka kabisa. Mtu wa mwisho kuambukizwa nje ya maabara aliugua Merca, Somalia, mwaka 1977, hapa hapa Afrika Mashariki.

Anayesema hakuna kilichobadilika anampa hoja yule anayetaka kukata bajeti ya chanjo: kama fedha hazikuleta kitu, ziendelee kutolewa za nini? Karibuni, ila mje na hoja.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, takwimu zako sizikatai, ila umechukua zinazopendeza. Rudi kwenye tafiti hizo hizo uangalie vichanga, yaani siku 28 za kwanza. Mwaka 2015/16 walikufa 25 katika kila 1,000. Mwaka 2022 wakafa 24. Miaka yote hiyo, tofauti ni mtoto mmoja!

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huwezi kumwokoa kwa chandarua. Anahitaji joto, oksijeni, umeme usiokatika usiku wa manane, na mtu wa kumwangalia. Zamu ya usiku unaweza kuwa peke yako, mama mmoja anatoka damu, huku kichanga cha mwingine hakijalia. Unakwenda kwa nani? Tukishangilia wastani, wakubwa wataona kazi imekwisha.

Mchangiaji wa pili:
Naungana na nesi. Halafu hiyo "dunia" ni ipi? Umaskini uliokithiri umepungua kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya China. Kusini mwa Sahara asilimia imeshuka, lakini idadi ya watu wanaoishi katika hali hiyo imeongezeka tangu 1990. Malaria iliua watu wapatao 608,000 mwaka 2022, karibu wote wa bara hili.

Mleta mada:
Nesi, ulichoandika kinanifanya nishikilie msimamo wangu kwa nguvu zaidi. Malaria na surua zilirudi nyuma kwa sababu kuna watu walilipia dawa na chanjo, wakazifikisha vijijini. Vichanga wamekwama kwa sababu kwao gharama hiyo bado haijalipwa. Palipojaribiwa, matokeo yameonekana: vituo 30 katika mikoa mitano ya Tanzania vilipewa mafunzo mafupi ya mara kwa mara hapo hapo kazini, pamoja na vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto na kumsaidia kupumua. Matokeo yalichapishwa 2025: vifo vya akina mama vilishuka mno, na vya vichanga katika saa 24 za kwanza vikapungua.

Ndugu wa pili, kwenye idadi uko sahihi. Lakini ugomvi wangu ni huu: vyandarua na dawa zetu nyingi zimenunuliwa kwa fedha za wafadhili, na mwaka 2025 Marekani ilikata misaada yake mingi ghafla. Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi kule Abuja kuipa afya asilimia 15 ya bajeti. Nchi nyingi hadi leo hazijafika. Tuanze kudai hapo.

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo kwenye asilimia 15 tuko pamoja, mkuu. Ila mkidai, taja na ajira. Mafunzo tunayapenda, lakini aliyefundishwa akiwa peke yake zamu nzima, bado ana mikono miwili tu. Kuna wauguzi wamehitimu wako mtaani wanasubiri kupangiwa vituo.