Tupeane uzoefu: Mradi ukiisha, kikundi cha maigizo kinabaki mikononi mwa nani?

Mwanzisha mada, Mtwara Mjini

Ndugu zangu mnaoendesha vikundi vya maigizo katika mikoa ya Mtwara na Lindi, ninaomba tuzungumzie ile kazi ambayo watazamaji hawaioni. Mtazamaji humwona mwigizaji, hucheka, hupiga makofi na kwenda zake. Hamwoni aliyepeleka barua kwa mtendaji wa kata, aliyeazima jenereta, wala anayedaiwa na mama lishe chai ya mazoezi. Zinapokaribia siku za matamasha kama MaKuYa, ambalo jina lake limewaunganisha Wamakonde, Wamakua na Wayao, au shirika fulani linapotaka ujumbe wake ufike vijijini, vikundi huwa vingi na vyote vina uhai. Swali langu linahusu miezi mingine. Kikundi chetu hufanya mazoezi katika darasa la shule ya msingi baada ya wanafunzi kuondoka, hakitozi kiingilio, na wanachama wake wengi ni waendesha bodaboda, mafundi cherehani na mama lishe. Mnapangaje kalenda, nauli inatoka wapi, na nani mwenye neno la mwisho kuhusu igizo litakalochezwa? Taasisi tunazozilalamikia tusizitaje majina.

Mchangiaji, Tandahimba

Nianze na kalenda, kwa sababu huku kwetu kalenda ni korosho. Katikati ya mwaka watu wako mashambani wanapulizia mikorosho dawa ya salfa, ifikapo Oktoba wanaokota na minada inaanza, na mvua zikishanyesha kila mtu ana mihogo na mbaazi zake. Mwenyekiti wetu, ambaye naye ni mkulima, ameacha kabisa kuitisha mazoezi marefu wakati wa msimu. Igizo linatengenezwa mapema, likakomaa, kisha linazungushwa vijijini Novemba na Desemba, wakati malipo yameanza kuingia na watu wana nafasi ya kukaa na kutazama. Anayetaka waigizaji wake wakariri mistari mipya huku korosho zimelala chini ya mikorosho atabaki peke yake uwanjani.

Igizo lililotufundisha mengi kuhusu uendeshaji lilihusu kangomba, yaani ule ununuzi wa korosho kwa mkulima mwenye shida, kabla ya mnada, kwa bei ya kutupa na kwa kipimo kisicho halali. Mama mmoja anahitaji fedha za sare ya mtoto, mnunuzi anamjia usiku, na mwezeshaji wetu husimamisha igizo pale mama anapoinua mkono kupokea, akawauliza watazamaji wao wangefanya nini. Tulitegemea wamkataze asiuze. Katika kijiji kimoja aliinuka bibi mmoja, akaingia uwanjani, akampita mnunuzi kana kwamba hayupo, akaenda kusimama mbele ya mwigizaji wa nafasi ya mume na kumuuliza fedha za msimu uliopita ziliishia wapi. Uwanja mzima ulilipuka. Nafasi ya mume, ambayo awali ilikuwa na maneno machache tu, ilibidi iandikwe upya ikawa ndiyo uti wa mgongo wa igizo.

Baada ya hapo mfanyabiashara aliyekuwa akituazima jenereta alituma salamu kwamba igizo linamsema yeye. Wanachama waligawanyika, wengine wakitaka sehemu ya mnunuzi ipunguzwe makali. Viongozi waliamua jenereta lirudishwe kwa heshima na shukrani, na tangu hapo tunacheza saa kumi alasiri mbele ya ofisi ya kijiji, bila taa wala spika. Hata saa hiyo ina ugumu wake, maana uwanda huu wa Makonde una shida ya maji na akina mama wengi huwa bado wako kisimani. Lakini usiku wengi wao wasingekuja kabisa.

Mchangiaji, Kilwa Kivinje

Mwenzangu anafuata korosho, sisi tunafuata mwezi. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali wengi hulala nyumbani. Basi maonyesho yetu yote huwekwa siku za mwezi mpevu, tukapata watazamaji na mwanga kwa pamoja. Sina la kuongeza zaidi ya kwamba atakayeweka onyesho siku za giza atawachezea watoto na mbuzi.

Mchangiaji, Lindi Mjini

Mimi ni mhazini wa kikundi chenye wanawake wengi, na nitajibu lile la nauli. Maigizo yetu hayajawahi kujilipa, na sidhani kama yatajilipa. Kinachotubeba ni viti vya plastiki na maturubai. Wanawake wa kikundi walijisajili kama kikundi cha uzalishaji, wakaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, kisha wakanunua viti vya kukodisha. Msimu wa unyago na harusi viti havikai stoo. Mikopo ile iliposimamishwa mwaka 2023 sisi tulikuwa tumekwisha kumaliza marejesho, na viti viliendelea kutulipia nauli na nguo za maonyesho.

Ugumu uko kwingine. Kijana mwenye kipaji anaona fedha za viti zinaingia, anauliza kwa nini yeye anayewaliza watu uwanjani apate nauli tu. Hoja yake ni ya haki, na sijawahi kumjibu kwamba sanaa ni kujitolea, kwa kuwa maneno hayo husemwa zaidi na wale wasiotoka jasho. Nilichofanya ni kusoma daftari la mapato na matumizi mbele ya wote kila mwisho wa mwezi, hata mwezi ambao hakuna kilichoingia. Wawili waliondoka kwenda Dar es Salaam kutafuta nafasi kwenye tamthilia za runinga, na waliobaki wanajua kilichopo.

Mchangiaji, Masasi (mwalimu mstaafu)

Kuhusu neno la mwisho, nina historia kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na vijana wa Malya, mkoani Mwanza, kwa utaratibu ambao wanakijiji wenyewe walichunguza matatizo yao kabla ya kutunga chochote. Siku hizi vikundi vyetu vingi hupewa na wafadhili ujumbe ukiwa tayari umechapishwa kwenye fulana. Sikatai fedha hizo, nami nimezila. Ninachosema ni kwamba viongozi wa kikundi wanapaswa kusimama katikati ya mfadhili na wanakijiji, na hiyo ndiyo kazi yao ngumu kuliko kupanga safari.

Jambo jingine ni wazee. Kijana mmoja wetu alipendekeza tutumie kinyago cha mapiko, ngoma ya Wamakonde, kuvuta watu. Kinyago hicho huvaliwa na mwanamume aliyepitia jando, na mvaaji hatakiwi kujulikana, sasa utamvalishaje mwigizaji ambaye kila mtu anamjua? Tulikwenda kwa manyakanga, yaani wakuu wa jando na unyago, kuomba ushauri, wakatukatalia mapiko, lakini wakatutafutia wapiga ngoma wa sindimba ambao hadi leo ndio hutukusanyia watu.

Mwanzisha mada

Mwalimu, shikamoo, na ahsante. Dada mhazini, naomba ufafanuzi: mfadhili akija na fedha, mnaziunganisha na za viti? Na mmesajiliwa wapi kama wasanii?

Mchangiaji, Lindi Mjini

Haziunganishwi kamwe. Kila fedha ina daftari lake, na benki tuna watia saini watatu ambao hawatoki katika familia moja. Kwa usajili wa sanaa, mlango wetu wa kwanza ulikuwa afisa utamaduni wa wilaya, ambaye alituelekeza Baraza la Sanaa la Taifa. Na kwa kuwa mwalimu amegusa suala la ujumbe, nitasema tunavyokubaliana na wafadhili kwa maandishi: mada wanaweza kuleta wao, lakini onyesho la kwanza huchezwa mbele ya kijiji, na maneno yanaweza kubadilika kulingana na yatakayosemwa na watazamaji. Mmoja alikataa sharti hilo akaenda kwa kikundi kingine. Wengine walitia saini bila hata kuliuliza, na nina wasiwasi hawakulisoma.