Ajira zifuate nyumba, nyumba zifuate ajira, au tuongeze mabasi? Ulinganisho wa njia tatu za kupunguza safari za kazini

Kontua
Wadau wa mipango miji, naleta ulinganisho. Chukulia mtaa wa pembezoni wenye nyumba 4,000, wastani wa wafanyakazi 1.3 kwa kila nyumba, yaani 5,200. Ajira zilizopo mtaani humo ni 5,000. Hata hivyo asubuhi barabara zinajaa pande zote mbili. Mezani kuna njia tatu:

A: kuvuta ajira zaidi mtaani.
B: kuongeza makazi katikati ya mji.
C: kuacha kila kitu kilipo na kuweka mabasi ya mwendokasi.

Kigezo ni dakika kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa kazini. Ipi inashinda? Na inakuwaje mtaa wenye uwiano mzuri hivi wa ajira na nyumba uwe na foleni?

Dada_Hesabu
Mkuu, anza na hilo la mwisho, ndilo linaloamua mengine. Ajira 5,000 kwa nyumba 4,000 ni 1.25. Kwenye karatasi huo ni mtaa wa kupigiwa mfano, ila uwiano unahesabu vichwa tu, hausemi nani anafanya kazi wapi. Unahitaji namba ya tatu: wanaoishi na kufanya kazi mtaani humo humo. Tuseme ni 900. Gawanya kwa wakazi wanaofanya kazi: 900/5,200, kama 17%. Gawanya kwa ajira: 900/5,000, 18%. Maana yake watu 4,300 wanatoka kila asubuhi na 4,100 wanaingia. Wanapishana njiani, na uwiano wako haujaguswa.

Kwa kulinganisha, takwimu za Uingereza zinapochora maeneo ya soko la ajira, kwa kawaida hutaka angalau 75% ya wakazi wanaofanya kazi wawe wanafanya kazi ndani ya eneo, na 75% ya wanaofanya kazi humo wawe wanaishi humo. Mtaa wenye 17% si soko la ajira, ni kipande tu cha soko. Kuupangia kana kwamba unajitosheleza ni kujidanganya.

Ramani_Mkononi
Nakazia hapo kwenye mpaka. Ukichora eneo dogo, uwiano unapaa au unaanguka. City of London, ile maili moja ya mraba, sensa ya 2021 ilikuta wakazi kama 8,600, na ajira zake zinapita 500,000. Ukichora mji mzima na viunga vyake, uwiano unajisawazisha wenyewe bila mtu kufanya lolote. Mimi huanza na kituo cha ajira, nachora eneo linalofikika kwa dakika 30 kwa usafiri ambao watu wanautumia kweli, saa ya msongamano, kisha ndiyo nahesabu. Duara la kilomita halifai, kwa sababu mto au reli isiyo na kivuko huifanya kilomita moja iwe safari ya nusu saa.

Mshauri_Ardhi
Kuhusu A. Ajira ziko za aina mbili, na watu huzichanganya. Shule, zahanati, maduka, saluni na karakana hufuata wakazi. Ukiruhusu matumizi mchanganyiko, yaani makazi na biashara pamoja, zitakuja zenyewe. Ofisi za kitaalamu, makao makuu ya benki na makampuni makubwa hukaa mahali panapofikika na wafanyakazi kutoka pande zote za mji. Hizo huwezi kuzivuta kwa kupaka rangi kwenye ramani.

Mfano unaojulikana ni Vällingby, Stockholm, uliozinduliwa 1954. Ulipangwa uwe na kazi, makazi na kituo cha huduma mahali pamoja, na wapangaji wake walikusudia nusu ya wakazi wafanye kazi papo hapo. Reli ya chini ya ardhi ilikuwa imeshafika tangu 1952. Wakazi wengi wakawa wanapanda treni kwenda mjini, na ajira nyingi za pale zikachukuliwa na watu wa kutoka nje. Mtaa wenyewe ulikuwa mzuri, lakini hesabu ya safari haikutii mpango.

Ukienda na A, kosa la kawaida ni kuruhusu biashara kwa maandishi huku jengo likiikataa. Ghorofa ya chini yenye dari ya mita 2.7 haitapata mpangaji wa maana. Weka kama mita 4.5 kutoka sakafu hadi sakafu, umeme wa fezi tatu, bomba la moshi lililojengwa mpaka juu ya paa tangu mwanzo, na sehemu ya lori kushusha mizigo nje ya njia ya mabasi. Bila hayo unapata fremu tupu.

FundiMajengo
B kwa kawaida huja na wazo la kugeuza ofisi tupu ziwe nyumba. Inawezekana, lakini si kila jengo. Pima kwanza kutoka dirishani hadi kwenye lifti na ngazi za katikati. Mita 8 hadi 10 unapata nyumba nzuri: vyumba dirishani, jiko na bafu nyuma. Ikipita 12, sehemu ya ndani ni giza na utaishia kuuza stoo.

La pili ni maji taka, na hapo ndipo bajeti hufa. Ofisi ina vyoo vyote katikati. Nyumba inataka choo na jiko kila baada ya mita chache. Bomba la milimita 100 kwa mteremko wa 2% linashuka sentimita 20 kila mita 10. Ongeza kipenyo chenyewe, umeshakula sentimita 30 za dari ya jirani wa chini. Jengo lenye mita 3.6 au zaidi kutoka sakafu hadi sakafu linavumilia. La mita 3 linakulazimu kutoboa sakafu kwa mabomba mapya ya wima, na kama sakafu ina nyaya za chuma zilizokazwa ndani ya zege, usiguse kabla mhandisi hajazipima na kuziwekea alama. Ukikata moja unaweza kudhoofisha sehemu kubwa ya sakafu.

Dada_Hesabu
Na hata jengo likikubali, nani atakaa humo? Tumia faharasa, yaani namba za kulinganisha, badala ya fedha. Mshahara ukiwa 100 na kodi ya nyumba inayobebeka ni 30, halafu nyumba ya bei ya chini kabisa katikati ni 45, msafishaji na mlinzi wa jengo lile lile wataendelea kupanda basi. Panga safu mbili: ajira kwa viwango vya mshahara, nyumba kwa viwango vya kodi. Mahali zisipokutana, A na B zote zinashindwa kwa sababu ile ile.

Kuna na nyumba zenye watu wawili wanaofanya kazi pande tofauti za mji. Ukimsogeza mmoja karibu, umemweka mwenzake mbali. Hakuna ramani inayomaliza hilo.

Abiria_Mzoefu
Natetea C, kwa sharti. Wanaotoka 4,300, tuseme nusu wanaelekea katikati, na 60% yao wanaondoka ndani ya saa moja. Ni watu 1,290. Basi la mita 12 linalobeba 80 linahitajika mara 17 kwa saa, moja kila dakika tatu na nusu hivi. Linawezekana kwenye njia yake pekee. Nusu nyingine wametawanyika pande zote, hao C haiwasaidii sana.

Ila kuna jambo hapa wenzangu hawajaligusa: wale 4,100 wanaoingia. Wakitokea upande huo huo wa mjini, basi halirudi tupu. Mtaa wa kulala tu hujaza mabasi upande mmoja, na gharama ya safari tupu ya kurudi inalipwa na nauli au ruzuku. Kwa hiyo uwiano wako wa 1.25, ambao Dada_Hesabu ameuponda, una faida kwa mwendeshaji hata kama haupunguzi kilomita.

Dakika zenyewe: kutembea 8, kusubiri 2, ndani ya basi 25, kubadilisha 7, kutembea 6. Jumla 48. Njia maalumu ikipunguza 25 hadi 18, umeokoa 7. Kuondoa badilisho kunaokoa 7 zile zile, na mara nyingi ni kazi ya kupanga upya njia tu, bila kumwaga zege.

Mshauri_Ardhi
Sharti lingine la C, mkuu: kasi huliwa. Watafiti Zahavi, na baadaye Marchetti mwaka 1994, walieleza kwamba kwa wastani watu hutumia kama saa moja kwa siku kusafiri. Ukiwapa kasi, wengine wanahamia mbali zaidi, na kodi kando ya njia inapanda. Tenga viwanja vya nyumba za kodi nafuu kwenye vituo kabla njia haijatangazwa. Baada ya tangazo, bei ya ardhi imeshakimbia.

Kontua
Shukrani wakuu. Naanza kwa kupanga upya njia za mabasi, naitenga A kwa zile ajira zinazofuata wakazi, na B kwa majengo yatakayopita kipimo cha FundiMajengo. Swali la mwisho: ile 900 naipataje?

Dada_Hesabu
Dodoso kwa waajiri, si nyumba kwa nyumba. Kwa waajiri ni rahisi. Kwa ajira 5,000, majibu ya wafanyakazi kama 360 waliochaguliwa kwa bahati nasibu yanatosha kwa kosa la 5% juu au chini. Ukitaka kutenganisha viwango vitatu vya mshahara, unahitaji karibu idadi hiyo kwa kila kiwango. Usiulize "unaishi mtaa gani", kila mtu ana mpaka wake kichwani. Uliza kituo cha basi kilicho karibu na kwake. Uliza pia siku ngapi kwa wiki anafanyia kazi nyumbani, na wanaofanyia kazi nyumbani siku zote wahesabu kando, maana watakuvimbishia ile 17%. Na usilifanye wakati wa likizo za shule.