Bel Air ya 1957, skeli 1:25: rangi inavuja chini ya tepu

Swali: Naunda gari dogo la mfano, Chevrolet Bel Air ya milango minne, bodi ya rezini (plastiki ya kumimina kwenye kalibu). Paa ni jeupe, chini bluu, na bluu inapenya chini ya tepu. Halafu kromu (mapambo ya chuma kinachong'aa) za ubavuni: foili, yaani karatasi nyembamba ya metali yenye gundi, au rangi ya fedha?

Jibu 1: Anza na nyeupe, iache ikauke vizuri. Ukishabandika tepu, pulizia nyeupe tena kidogo ukingoni. Ikivuja, itavuja nyeupe juu ya nyeupe. Ndipo upige bluu, matabaka membamba. Rezini uliiosha kwa sabuni kabla ya praima (rangi ya msingi)? Mafuta ya kalibu, yanayozuia bodi isigande humo, yakibaki, tepu itang'oa rangi.

Jibu 2: Foili! Rangi ya fedha huonekana kama bati. Kata kipande kipana kuliko mstari, kikandamize kwa kijiti cha meno, kisha pitisha wembe mpya, maana ulio butu huirarua foili. Klia (vanishi angavu ya mwisho) itangulie, maana ikipigwa juu ya foili hufifisha mng'ao.

Muulizaji: Niliiosha. Na maandishi ya jina la gari yaliyoinuka kwenye bodi?

Jibu 2: Hayo yabandikie foili juu ya praima, kabla ya rangi. Baadaye futa rangi kwenye vichwa vya herufi kwa pamba yenye thina kidogo mno, foili ionekane.